Udongo wa Karani

Shangazi Zainabu alilifungua lile kopo kwa ncha ya kijiko, akachungulia, kisha akanipa nichungulie na mimi. Tulikuwa jikoni kwa Bibi, tukiteremsha vyombo vyake kimoja kimoja kutoka kwenye rafu, wiki ile baada ya hitima yake. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, picha ya ng'ombe imeshafutika kwa kushikwashikwa, na ndani yake mlikuwa na udongo mkavu, mwororo kama unga wa ngano.

"Udongo wa nini tena huu?" Shangazi akauliza. "Mrehani wenyewe ulikufa zamani."

Akanyoosha mkono dirishani amwage. Nikamshika kiwiko. Sikuwa nimekusudia kumshika kwa nguvu, lakini alinitazama kama niliyemfinya. Nikachovya kidole kwenye maji ya karai, nikakitia koponi, nikakinusa. Harufu ya vumbi linaloanza kulowa ikanipanda puani, na pamoja nayo, mbio kabisa, kabla sijaiita, ikaja hisia ya ulimi wa moto ukipita kutoka kidevuni hadi kwenye paji la uso.

Nilikuwa mtoto nisiyekaa. Nikiketi, goti linatikisika. Goti likishikwa, kidole cha mguu kinachora zulia. Chuoni, tulikosoma Kurani, maalimu alinihamisha mahali mpaka mahali pakaisha, mwisho akaniweka kando ya mlango ili nikitikisika nitikise mlango tu, nisitikise wenzangu. Nyumba yetu ya Mji wa Kale ilikuwa na ngazi nyembamba za mbao, na mimi nilizipanda na kuzishuka bila ya haja yoyote, mpaka muuza vitambaa aliyekuwa chini yetu akawa anagonga dari kwa mpini wa ufagio. Mamangu alikuwa kazini Maskati. Aliyebaki na matikisiko yangu ni Bibi.

"Wewe umekaliwa na siafu?" aliniuliza kila siku, na kila siku nilijitazama nyuma kuhakikisha.

Bibi alitengeneza achari ya maembe na ya ndimu, na kwa kuwa hakuweza kuituliza miguu yangu, akaamua kuitumia. Alinijaza chupa kikapuni akanipeleka kwa wateja. Mteja wa mbali kuliko wote alikuwa Mzee Mutiso, mstaafu wa reli, aliyeishi katika zile nyumba za zamani nyuma ya stesheni. Mtu wa Machakos, mrefu, sauti nzito, aliyekula achari ya Bibi na kila kitu, hata na muthokoi, yale mahindi ya kukoboa ya kwao. Huko ndiko nilikomkuta Karani.

Alikuwa mbwa mweusi mwenye shati jeupe kifuani, masikio yamekunjwa ncha, na uso wa mtu aliyeketi nyuma ya meza akikungoja useme shida yako. Sisi watoto wa Mji wa Kale tulikuwa na namna yetu ya kukutana na mbwa. Unajibana ukutani, unakusanya nguo zako zote mbele, unavuta pumzi, unangoja apite. Siku ile hapakuwa na ukuta. Nikasimama langoni nimeinua chupa ya achari juu ya kichwa.

"Haumi huyo," Mzee Mutiso akasema kutoka barazani.

"Siogopi meno," nikamjibu. "Naogopa ulimi."

Alicheka mpaka ikabidi ashike nguzo. Karani aliketi, akanitazama, akapiga mwayo.

Uwanja wa nyumba ile ulikuwa umejaa vitu ambavyo mwanzo nilividhani takataka. Mipini ya mafagio ilikuwa imelazwa juu ya makopo ya rangi. Kulikuwa na matairi yaliyozikwa nusu, turubai kuukuu lililoshonwa likawa handaki, na ubao mrefu uliopandishwa juu ya pipa. Mzee Mutiso akanieleza kwamba kila mwaka, kwenye uwanja wa nyasi upande wa Mama Ngina, kando ya bahari, wenye mbwa hukutana kushindana. Mbwa huruka viunzi, hupenya handakini, hupanda ubao na kushuka, na mtu wake hukimbia kando yake akimwonyesha njia. Karani aliyajua yote hayo. Alikuwa hajawahi kushindana hata mara moja.

"Goti langu limestaafu kabla yangu," Mzee akasema. "Mbwa kazi anaijua. Wa kukimbia naye ndiye hayupo."

Mimi nilikuwa nimeshaanza kurukaruka kwa mguu mmoja bila ya kujijua. Karani akauona ule mguu. Akasimama. Nikahama nikaufuata ua kwa nje, nikakimbia, naye akakimbia kwa ndani, na kila kiunzi kilichokuwa upande wake alikiruka, sambamba nami, mpaka tukafika kwenye kona tukatazamana kupitia waya, sote wawili tunahema. Nilihisi kama mtu aliyekuwa akizungumza peke yake miaka yote, ghafla akajibiwa.

Nikarudi nyumbani mbio, kikapu kinanigonga mapajani.

"Bibi, nataka kukimbia na mbwa."

Bibi alikuwa akikata maembe mabichi. "Wataka kumkimbia mbwa?"

"Kukimbia naye! Mashindano! Huko Mama Ngina!"

"Astaghfirullah." Kisu kikaendelea kukata. "Kazi zote za duniani zimekwisha, imebaki ya mbwa."

Ndipo nilipotoa silaha yangu. Mzee Mutiso alikuwa ameniambia kwamba katika mashindano yale, mtu akimgusa mbwa wake kati ya mwanzo na mwisho, anatolewa, hana msamaha. Mimi nilikuwa nimemwuliza, "Kwa sababu ya udhu?" Na yeye, aliyekuwa akigongea ubao huku ameshika misumari kwa midomo, alikuwa amejibu, "Eeh, kitu kama hicho."

"Bibi, hata waamuzi wamekataza kumgusa. Ukimgusa, umetoka."

Kisu kikasimama. "Wamekataza?"

"Naam."

"Hao waamuzi ni Waislamu?"

"Naam."

"Madhehebu gani?"

"Kama yetu," nikasema, na Mungu anajua nilikuwa naamini. Nilikuwa nimeshawaona akilini mwangu, wazee wenye kofia za vito zilizodariziwa, wameketi kwenye viti vya ukindu katikati ya nyasi, wanachunga udhu za watu.

Bibi alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Nikaanza kuhamisha uzito wangu mguu huu na mguu huu. Mwisho akaufuta mkono wake kwenye leso, akaniita karibu.

"Ndoo hapa. Sikiliza. Kikavu kwa kikavu si neno. Mbwa mkavu, nguo kavu, najisi haihami. Lakini ute wake, pua yake, hapana. Siku akikulamba, hata kama ni ukucha, basi. Huendi tena kule. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Umesikia kwa masikio au kwa magoti? Maana naona yanayotikisika ni magoti."

Kesho yake nilimkuta juu ya dari, pale pa wazi penye mrehani wake ndani ya debe, akichekecha udongo kwa chekecheo la zamani la unga. Chini ya chekecheo aliweka kopo la maziwa. Alichekecha taratibu, akitoa vijiwe, mizizi na vipande vya magamba ya chaza, kwa makini yale yale aliyochagulia mchele.

"Mrehani utakula vizuri leo," nikamwambia.

"Utakula," akajibu, bila ya kuinua macho.

Nikawa naenda kwa Karani kila baada ya chuo. Kwa kuwa mikono ndiyo inayolambwa kwanza, niliificha. Niliitia ndani ya ushungi wangu wa chuoni, ule mrefu unaofika kiunoni, nikaifumbata kifuani, nikakimbia hivyo, kama kuku aliyefungwa mabawa. Mzee Mutiso alipiga kelele kutoka barazani. "Mwonyeshe kwa mkono! Atajuaje?" Lakini mimi sikuwa na mikono. Ikabidi Karani ajue kwa vingine. Alijifunza mabega yangu. Alijifunza unyayo wangu unaelekea wapi. Nikielekeza kidole cha mguu wa kulia, ameshapinda. Nikipunguza pumzi, amepunguza mwendo.

Tatizo ni kwamba alisikiliza kila kitu. Goti langu likitikisika kwa kutikisika tu, yeye aliruka kutoka juu ya ubao. Bega likinicheza, aliingia handakini wakati nilimtaka kwenye matairi. Kisha alirudi akaketi mbele yangu na ule uso wake wa afisini, kama anayesema, mama, ulisema twende, tumekwenda, sasa wanilaumu nini? Hakuna maalimu aliyewahi kunituliza. Karani alinituliza kwa kuniamini mno. Nilianza kukizuia kile kilichokuwa hakina maana, nikabakisha kinachosema. Nikitoka kwake, mwili ukarejea kutapakaa kama kawaida, na nilipanda ngazi zetu mbili mbili na muuza vitambaa akagonga dari.

Mtaani habari zikaenea. Nikipita kichochoroni watoto walijibana ukutani, wakakusanya nguo zao mbele, wakavuta pumzi. "Mama Karani anapita! Jamani, msiguswe!" Binamu yangu Swaleh, aliyekuwa na mdomo kuliko wote, alinifuata hadi mlangoni siku moja. "Wallahi malaika hawaingii tena kwenu, kwa ajili ya huyo mbwa wako. Wamehamia kwetu, tumebanana huko, hata pa kulala hatuna."

Nilimjibu kwa ulimi nje, lakini maneno yaliniingia. Adhuhuri, Bibi anaposinzia, nililala macho wazi nikiwaona malaika wamesimama barazani kwetu, wameinua kanzu zao kidogo, hawajui waingie au waondoke. Nikanusa mikono yangu. Nikanusa ushungi. Nikashuka mpaka mlangoni nikafungua nikatazama barazani. Hapakuwa na mtu ila paka.

Asubuhi ya mashindano Bibi alinifunga ushungi mwenyewe kwa pini mbili, akaurekebisha, akaufungua, akaufunga tena. Alinilisha mkate wa mayai nisioweza kuumeza. "Sura," akasema, nikainua uso, akaufuta kwa kiganja chake kikavu. "Uso huu nautaka hivi hivi."

Upepo pale Mama Ngina hauna kitu cha kuuzuia. Ulikuwa ukivuta kamba zilizozungushiwa uwanja, ukipiga lile handaki lao la kitambaa cha buluu likapaza sauti kama tanga. Vitu vyote vilikuwa vipya, vimepakwa rangi, vikubwa kuliko vyetu. Na watu! Niliwatafuta wale wazee wangu wa kofia za vito. Mwamuzi alikuwa mama mmoja mwembamba, mwenye kofia ya jua na filimbi, na kando yake mbwa wake mwenyewe, mkubwa, wa manjano, amemlalia miguuni.

Kisha nikaona mengine. Kijana mmoja alimbusu mbwa wake juu ya pua. Mama mmoja alimpa wake maji kwa kiganja, halafu akajifuta jasho kwa kiganja kile kile. Msichana wa rika langu alikuwa amelala nyasini, mbwa wake mdogo mweupe anamlamba masikio, naye anacheka.

"Mzee," nikamvuta shati, "udhu zao je?"

"Zao nini?"

"Ulisema hawamgusi!"

"Wakiwa ndani ya kamba, ndiyo. Mbwa afanye mwenyewe, asisukumwe. Ni sheria ya mchezo tu." Akaniinamia. "Kwani ulidhani nini?"

Nilikuwa nimempa Bibi waamuzi wasiokuwepo, na juu ya waamuzi hao ndipo alipojenga ruhusa yake. Miguu ikaanza. Nilizunguka gari la watu, nikarudi, nikazunguka tena. Karani, aliyekuwa amefungwa kwa kamba mkononi mwa Mzee, akaanza kuzunguka na yeye. Alinung'unika. Handaki likapiga kelele, akaruka kando.

"Tulia, binti," Mzee akasema. "Ukiwa hivyo, yeye atakuwaje?"

"Siwezi."

"Basi tusikimbie. Si lazima. Turudi nyumbani tukale achari."

Alisema kweli, hakuwa ananitania. Aliitazama bahari badala ya kunitazama mimi. Lakini mkono wake ulikuwa ukimkuna Karani shingoni kwa haraka haraka, na kwa mara ya kwanza nikamwona mtu mzima asiyeweza kutulia. Nikaitia mikono yangu ndani ya ushungi.

Tuliitwa. Watu walicheka kidogo kuniona bila ya mikono. Nikasimama mwanzoni na Karani akaketi, na mimi, niliyeshindwa kutulia chuoni, mezani, hata usingizini, nikatulia. Nilisikia upepo ukipita katikati ya pini za ushungi. Filimbi ikalia.

Viunzi vya mwanzo siukumbuki mlio wake hata mmoja. Nakumbuka mgongo mweusi ukipanda na kushuka ubavuni mwangu kama wimbi linalonifuata. Bega, akapinda. Unyayo, akapinda. Mbele ya handaki akasita, nikapiga mbio kwa nje kama nilivyopiga mbio siku ile ya ua, naye akaingia kwa sababu hakutaka kuachwa, akatokea upande wa pili masikio yamegeuka ndani nje. Nikasikia Mzee Mutiso akipiga mayowe ya Kikamba.

Kisha tukafika kwenye ubao. Wetu ulikuwa umekaa juu ya pipa na pipa halitikisiki. Huu ulikuwa juu ya kigingi. Mbwa akifika katikati, upande wa mbele unaanguka chini. Karani alipanda vizuri. Akafika katikati. Ubao ukateremka na kugonga ardhi kwa kishindo, naye akalala kifudifudi juu yake, kucha zimeng'ang'ania, mwili mzima unatetemeka. Uso wa afisini ulikuwa umemtoka. Alinitazama kama mtoto.

Mikono yangu ikatoka yenyewe. Ilikuwa nje ya ushungi, kiganja changu karibu na shingo yake kiasi cha kuhisi joto lake. Kumshika tu, kumteremsha, yangekwisha yote. Naona mpaka leo manyoya yake yakipeperushwa na upepo, yakikaribia vidole vyangu.

Nikairudisha mikono. Nikachuchumaa, nikateremsha mabega, nikavuta pumzi ndefu ili aione. Na kwa kuwa sikuwa na la kwangu, nikatumia la Bibi.

"Umekaliwa na siafu?" nikamwuliza, taratibu. "Ndoo hapa. Ndoo."

Akateremsha mguu mmoja. Nikangoja. Sijawahi kungoja vile. Akateremsha wa pili, akatikisa masikio, akasimama juu ya nyasi, na nilipoinuka aliinuka nami, na viunzi vilivyobaki tuliviruka kama tunaofukuzwa.

Tulivuka mwisho. Nikasimama, nimeishiwa pumzi, nimesahau kila kitu. Nikajiinamia magotini. Ndipo Karani, ambaye siku zote hizo alikuwa akifanya kazi na nusu ya mtu, akaniona uso umemshukia usawa wake. Akanilamba. Hakunilamba ukucha. Alinilamba kutoka kidevuni, mdomoni, puani, mpaka kwenye paji la uso, akarudia kwa upande wa shavu asije akaacha mahali.

Mzee Mutiso alikuwa akija mbio na goti lake bovu, analia na kucheka. "Bila ya kosa! Mmemaliza bila ya kosa!" Hatukushinda, maana kwenye ubao tulikaa sana, lakini alimbeba Karani mabegani kama mbuzi wa Idi akamzungusha uwanjani. Mimi nilisimama mikono nimeitandaza mbali na mwili, uso umeloa, nikijua kwamba hii ndiyo mara ya mwisho.

Nilirudi nyumbani vile vile. Mzee alinifikisha mwanzo wa mtaa. Sikujifuta, nisije nikaipeleka najisi mikononi. Nilitembea katikati ya kichochoro, uso mbele kama sinia la moto. Swaleh alikuwa barazani. Aliponiona alifungua mdomo, akanitazama vizuri, akaufunga.

Bibi alikuwa juu ya ngazi. "Simama hapo hapo. Usiguse ukuta."

Nikasimama. Machozi yakaanza kushuka, nikafikiria hata hayo yatakuwa na najisi, nikazidi kulia. Nikamsikia Bibi akienda jikoni, akirudi. Alikuwa na ndoo ya maji, kata, na lile kopo la maziwa.

Alinivua ushungi, akaniketisha kwenye kigoda uani. Akamimina udongo kiganjani, akautia maji, akaukoroga kwa kidole. Nikautazama ule udongo, mwororo, hauna kijiwe wala mzizi.

"Si wa mrehani?" nikauliza.

"Mrehani gani ulao udongo uliochekechwa?" Akanipaka usoni, paji, mashavu, kidevu, kwa vidole vilivyonukia ndimu na pilipili. "Inama."

"Bibi, uliuchekecha siku ile. Nilikuwa sijaanza."

"Inama, nimekwambia."

Akanimwagia maji, akanisugua, akanimwagia tena, akihesabu kwa midomo mpaka zikatimia mara saba, ya kwanza ya udongo, kama sheria itakavyo kwa ulimi wa mbwa. Nilibana pua na macho. Gizani mle nikasema, "Wale waamuzi si Waislamu."

"Najua."

"Mmoja ana mbwa wake, amlalia miguuni."

"Basi hao ndio waniletee fatwa?" Nikahisi tumbo lake likitikisika mgongoni kwangu, alikuwa akicheka. "Na huyo wako akimbie na wewe siku zote hizo, asikuguse? Angekuwa mbwa gani huyo? Hata mimi nisingemtaka."

Nikafungua jicho moja, maji ya udongo yakaingia. "Ulisema akinilamba basi."

Alinikausha uso kwa leso, akanigeuza nimtazame, akanikagua kama anavyokagua chupa kabla ya kuifunga. Kisha akaliinua kopo, akalipigapiga tako, akachungulia ndani.

"Umekwisha huu," akasema. "Kesho ukipeleka achari kwa Mutiso, umwombe udongo wa bustanini kwake. Safi, usiokanyagwa. Na ujaze kopo, usije na nusu."

Nilipanda ngazi zote mbio na kuzishuka mbio, na chini, mpini wa ufagio ukagonga dari.

Haya yote sikumwambia Shangazi Zainabu. Nilimwambia tu asimwage. Karani alikwenda Machakos na Mzee wake nilipoingia sekondari, akazikwa huko. Nilipohamia Nairobi sikuwa na mnyama yeyote, na Bibi alilijua hilo. Kila Ijumaa kwa simu aliniuliza kama ninakula, kama ninatulia.

Lile kopo lilikuwa limejaa mpaka ukingoni. Udongo wake ulikuwa mpya, umechekechwa, hauna kijiwe wala mzizi. Sijui alikuwa akingojea nirudi na ulimi wa mbwa gani usoni.